Alama za Mtihani na Daftari la Majina

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama mbele yenu. Kazi yangu katika Chama hiki ni kuandika maneno ya wengine, wala si kusema yangu. Basi nikikosea mahali, mtaniwia radhi. Leo kumbukumbu zinaandikwa na msaidizi wangu, nisije nikajisifu katika kitabu changu mwenyewe.

Mwaka uliopita mkutano huu uliletewa shauri kwamba sehemu ya mfuko wetu wa masomo itumiwe kununulia ngao, na kutoa zawadi ya fedha, kwa ile shule ya msingi ya serikali huko kwetu Busia itakayopata wastani wa juu kuliko zote katika mitihani. Wengi walilipenda shauri hilo, nami nilikuwa mmoja wao. Likaahirishwa ili lichunguzwe, nikaagizwa nikusanye habari zake. Nimezikusanya. Nami nasema mapema, bila kuzunguka, kwamba nimegeuka. Mwaka jana niliinua mkono kuiunga ngao, na leo nimesimama kuipinga.

Naanza na neno hili wastani, kwani twalitumia sana na mara nyingi hatuliangalii ndani. Wastani ni jumla ya alama zote ikigawanywa kwa idadi ya waliofanya mtihani. Mzee anayefuga ng'ombe ataelewa upesi. Akitaka kuwaambia jirani kwamba ng'ombe wake hutoa maziwa mengi, ana njia mbili: aweza kuwalisha vizuri zaidi, ama aweza kuwaacha nje ya hesabu wale waliokauka. Njia ya pili haina gharama.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme shule ina watoto 40 katika darasa la mwisho, na wastani wao ni alama 300 katika 500, kama zilivyokuwa zikihesabiwa katika ule mtihani wa darasa la nane. Jumla yao ni 12,000. Sasa mwalimu mkuu awaondoe watoto 10 walio dhaifu, ambao kila mmoja angepata 180. Wanabaki watoto 30 wenye jumla ya alama 10,200, na wastani wao ni 340. Shule imepanda alama 40 na hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa neno jipya. Sisi tungeipelekea ngao, tungepiga makofi, na wale kumi hatungejua hata kwamba walikuwako.

Wazee, hayo si mambo ya kubuni. Mimi nilikuwa darasa la tano mwezi wa Januari mwaka 2003, serikali mpya ilipoondoa karo katika shule za msingi. Siku ya kwanza tulikaa watatu watatu katika dawati. Juma la pili tulikuwa watano, na wengine walikaa sakafuni wakiandika magotini. Waliingia wasichana waliokuwa wakilea watoto wa ndugu zao, na wavulana waliokuwa wakichunga, na mmoja aliyekwisha kuota ndevu, tukamwita Mzee naye akacheka tu. Mwalimu wetu alikuwa ni yule yule mmoja, na chaki yake ile ile.

Aliyekaa karibu nami alikuwa mmoja wa hao waliorudi. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili kwa kukosa karo, na kwa hiyo hesabu za kugawanya zilikuwa zimempita. Lakini alikuwa na akili ya mikono, na alijua kunong'ona jibu bila midomo kucheza. Tulisoma pamoja mpaka mwisho wa mwaka 2005, tukiwa darasa la saba. Hapo mwalimu mkuu alisimama gwaridani akasoma majina ya watakaorudia darasa, au, kama wazazi wao hawakupenda, watafute shule nyingine ya kuandikishwa mtihani. Jina la rafiki yangu lilisomwa. Siku iliyofuata hakuja, wala hakuja tena.

Sisi tuliobaki tulifanya mtihani mwaka 2006, na wastani wa shule ukatokea mzuri. Wazazi walichinja mbuzi. Nilikula nyama ile kwa furaha, na sikumbuki kwamba nilimfikiri rafiki yangu hata mara moja. Baadaye nilipokelewa shule ya sekondari ya misheni, na kwa elimu hiyo ndiyo nimekuwa karani, nami sasa nasimama hapa nikiwasomea hotuba. Yeye ni mwashi hapa Nairobi. Hulipa mchango wake wa Chama kabla yangu. Yumo humu ndani leo, na ameniruhusu kuyasema haya mradi nisimtaje jina. Binti yake yuko kwa nyanya yake huko nyumbani, katika gredi ya pili, katika shule ile ile.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza mtoto kurudishwa darasa au kufukuzwa shule. Mwaka 2014 serikali ikakataza kutangaza shule na watahiniwa kwa kupangwa wa kwanza hadi wa mwisho. Na mtihani wa darasa la nane wenyewe, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Basi mwaweza kuniuliza, kwa nini nafukua kaburi? Kwa sababu ngao yetu ingelifukua. Shauri la mwaka jana lilisema tutumie matokeo ya gredi ya sita na yale ya mitihani ya pamoja. Tukitia fedha mbele ya wastani, tutakuwa tumemrudishia mwalimu mkuu ile sababu ya kusoma majina gwaridani, na majina hayo hayatakuwa ya watoto wa makarani.

Sasa nataka nieleze ni kina nani waingiao katika madarasa yetu, maana hapo ndipo alama zinapoanzia. Wazee mnakumbuka mwaka 1974. Hayati Mzee Jomo Kenyatta aliondoa karo kwa madarasa manne ya chini, na watoto wa shule za msingi katika Kenya nzima, waliokuwa karibu milioni 1.8 mwaka 1973, wakafika milioni 2.7 na zaidi katika mwaka mmoja tu. Kisha zikaja fedha za majengo, ambazo mahali pengi zilizidi ile karo iliyoondolewa, na wengi wakatoka kimya kimya kama walivyoingia. Mwaka 2003 mambo yalikuwa hayo hayo kwa ukubwa zaidi: kutoka karibu milioni 6 hadi milioni 7 na ushei. Serikali iliahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo huko Eldoret, na dunia nzima ikampiga picha. Ilikuwa habari njema, ingawa mimi hujiuliza mwalimu wa darasa lile alianzaje somo la asubuhi.

Wakati huo huo wazazi wenye uwezo waliona msongamano ule wakawahamisha watoto wao kwenda shule za kulipia. Basi shule ya serikali ilipata mabadiliko mawili kwa mara moja: waliingia watoto ambao hawakuwa wamesoma, na walitoka wale waliokuwa na taa na vitabu nyumbani. Alama ziliposhuka, watu walisema walimu wamelala. Labda wengine walilala. Lakini ukiondoa mahindi mazuri katika gunia ukatia ya namna nyingine, huwezi kumlaumu mwenye kinu kwa rangi ya unga.

Katika likizo yangu nilipita katika shule chache za kwetu. Nilipouliza alama, nilionyeshwa upesi, kwani zilikuwa zimebandikwa ukutani ofisini kwa rangi mbili. Nilipoomba daftari la mahudhurio la madarasa ya chini, ufunguo ulitafutwa. Mahali pamoja nilisubiri mpaka chai ikaletwa na kikombe kikaondolewa. Siwalaumu walimu hao. Hakuna mtu aliyewahi kuwauliza daftari. Sisi wenyewe, katika barua zetu za miaka yote ninazozitunza katika faili, tumeuliza alama tu.

Na daftari lina habari nyingi. Ndani yake utaona kwamba katika darasa moja wamo watoto wa miaka sita na wa miaka kumi na mmoja. Utaona wasichana wakipungua kadiri madarasa yapandavyo. Utaona siku za soko, na majuma ya palizi, na mahali ambapo jina moja lina sifuri mfululizo tangu mwezi wa Mei. Ukimwuliza mwalimu, atakuambia: huyo mama yake amekufa. Alama za ukutani haziwezi kukuambia hilo.

Ndugu wanachama, yafaa mjue kwamba shule zetu za Busia zinajulikana ulimwenguni kuliko tunavyojijua wenyewe. Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa wataalamu watatu, Michael Kremer, Esther Duflo na Abhijit Banerjee, kwa kazi yao ya kupima ni msaada upi unaowafaa maskini kwa kweli; na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya, hasa kwetu. Njia yao ilikuwa rahisi. Walichukua shule nyingi, wakazigawa kwa kura, hizi zikapata msaada kwanza na zile baadaye, kisha wakalinganisha. Kura haina shangazi wala mjomba.

Walianza na vitabu. Katika mwaka 1996 shule 25 katika shule 100 zilipewa vitabu vya kiada. Nani asingesema kwamba vitabu vitapandisha alama? Mimi ningeweka mshahara wangu. Lakini walipopima, wastani wa shule zilizopewa vitabu haukupanda. Walionufaika ni wale watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Sababu si ngumu kwa mtu wa kwetu kuiona. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na mtoto ametoka nyumbani na Kisamia, au Kinyala, au Kikhayo, au Kimarachi, au Kiteso. Akafika kwenye Kiswahili. Na Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya mtoto mwingine, naye alikibeba kichwani wakati wa mvua.

Nimekaa sana juu ya jambo hili la vitabu kwa kuwa Chama chetu kimenunua vitabu mara nyingi, na mimi ndimi niliyeandika hundi. Sisemi ilikuwa fedha ya bure. Nasema iliwafikia waliokuwa tayari wamefika.

Kisha, tangu mwaka 1998, ikaja dawa ya minyoo katika shule 75 za Budalangi na Funyula, zenye watoto zaidi ya 30,000. Karibu na ziwa kule, kichocho na minyoo si habari ngeni. Walipima wakaona utoro umepungua kwa kama robo, hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa wakapata afueni, kwani maambukizo yalipungua. Lakini alama za mtihani hazikupanda. Tazameni basi: kama wangepima kwa ngao yetu, wangesema dawa haikufaa kitu. Walipowafuata watoto wale miaka 20 baadaye, wakiwa watu wazima, waliona kwamba waliomeza dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa wakipata karibu asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi. Wataalamu wengine walibishana nao vikali juu ya baadhi ya hesabu hizo, na ni haki yao. Ila sikusikia yeyote aliyesema mtoto afadhali abaki na minyoo.

Sasa lazima niwe mwaminifu, kwani Mzee aliyeleta shauri la ngao ameniheshimu siku zote, nami sitaki kumficha lililo upande wake. Mwaka 2001 katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo ulianzishwa mpango wa kuwalipia karo wasichana wa darasa la sita watakaofanya vizuri zaidi katika mtihani. Huko Busia zawadi ile ilifaa. Alama za wasichana zilipanda, tena hata za wale ambao kwa hali yao hawakuwa na matumaini makubwa ya kushinda. Na walimu nao wakahudhuria zaidi. Huko Teso matokeo hayakuwa dhahiri hivyo. Basi Mzee ana haki kusema kwamba zawadi humwamsha mtu. Tofauti ninayoiona ni hii: zawadi ile alishindania mtoto, kwa alama zake mwenyewe, na hakuna msichana aliyepata faida kwa mwenzake kuondolewa darasani. Ngao ingeshindaniwa na shule, kwa wastani. Na wastani, kama nilivyoonyesha, una mlango wa nyuma.

Lililonigeuza hasa ni jambo la mwisho. Mwaka 2005, karo ilipokuwa imekwisha kuondolewa na darasa la kwanza lina watoto zaidi ya 80 kwa mwalimu mmoja, shule 140 huko Bungoma na Butere-Mumias zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada kwa mkataba. Kamati ya shule ndiyo iliyomwajiri. Mahali pengine watoto waligawanywa kwa kura tu. Mahali pengine kwa kadiri ya walivyofahamu, walio nyuma upande huu na walio mbele upande ule. Wengi wetu tungehofia kwamba walio nyuma wakikusanywa pamoja watazidi kudidimia. Haikuwa hivyo. Katika shule zilizogawa watoto kwa kadiri yao, pande zote mbili zilipanda kuliko zile zilizogawa kwa kura, na walio nyuma walipanda pia. Sababu ni kwamba mwalimu aliweza kuanza pale watoto walipo, badala ya kuanza pale kitabu kilipo.

Tena ilionekana neno jingine, nalo lawahusu ninyi wazee. Kupunguza idadi ya watoto peke yake hakukutosha. Wale waliobaki na mwalimu wao wa zamani hawakuendelea sana, kwani yeye aliona msaidizi amefika naye akapumzika kidogo. Waliofundishwa na kijana wa mkataba walifanya vizuri zaidi. Na pale ambapo kamati ya wazazi ilifundishwa jinsi ya kumsimamia mwalimu huyo, kukagua mahudhurio yake na kuamua kama mkataba urudiwe au usirudiwe, faida ilikuwa kubwa zaidi. Fedha ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni macho ya wazee.

Kuanzia mwaka 2009 shirika la Uwezo lilipita nyumba kwa nyumba nchini likiwapa watoto hadithi fupi wasome. Katika miaka yake ya kwanza liliona kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kazi ya darasa la pili. Wale saba ndio watakaofika mwisho wakiwa wazito wa kuvuta wastani chini. Yaani ugonjwa huanza katika darasa la kwanza na la pili, nasi tumekuwa tukipeleka dawa na zawadi katika darasa la mwisho, ambako wengi wa wagonjwa wamekwisha kuondoka.

Basi shauri langu ni hili. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya ngao na zawadi zitumiwe kumlipa mwalimu mmoja kijana, kwa mkataba wa mwaka mmoja, katika madarasa ya chini ya shule moja. Aajiriwe na bodi ya shule yenyewe, na wazee watatu wa Chama walioko nyumbani wakae pamoja na bodi hiyo kila mwezi kutazama daftari, la watoto na la mwalimu pia. Shule ichaguliwe kwa kura, hadharani, mbele ya mkutano huu, majina yote yakiwa kofiani. Mwisho wa kila muhula watuletee karatasi mbili: moja ya waliohudhuria, kwa umri na kwa wavulana na wasichana, nyingine ya watoto wangapi wa gredi ya tatu waweza kusoma ukurasa mmoja na kueleza walichosoma. Na ikionekana kwamba jina limetoka katika daftari bila sababu, wazee waende nyumbani kwa mtoto huyo kabla mshahara wa mwezi unaofuata haujatumwa.

Najua fedha zetu ni chache, na mwalimu mmoja katika shule moja ataonekana kama tone. Najua pia kwamba ngao hupendeza ukutani, na mwalimu hapigwi picha na gazeti. Mweka hazina ameniambia kwamba tunaweza kumlipa kwa miezi kumi na miwili bila kugusa msaada wa mazishi, na karatasi ya hesabu hiyo iko mezani kwa yeyote atakaye kuiona kabla ya kura.

Bwana Mwenyekiti, hoja yangu ndiyo hiyo. Naomba aliye tayari kuiunga mkono asimame, ili msaidizi wangu aandike jina lake.